Vali namba 14 inafungwa kushoto

Kuna kijana tunafanya naye kazi, jina lake naliacha, alikuwa na miezi mitatu tu kazini usiku ule bomba kuu la maji lilipopasuka. Tulitoka watu watatu, dereva, yeye, na mimi niliyekuwa msimamizi wa zamu, tukafika pale maji yanaruka juu kama urefu wa nyumba na barabara imeshaanza kumegeka pembeni. Kazi ya kwanza hapo kila mtu wa maji anaijua, funga vali ya juu, upande maji yanakotokea, kwanza halafu mengine yafuate. Kijana akashuka kwenye chemba na ule ufunguo mrefu wa T, akaanza kuzungusha kulia kama tunavyofunga vali zetu zote, haiendi. Akaongeza nguvu, haiendi. Dereva akamfuata kumsaidia, wakachomeka kipande cha bomba kwenye mkono wa ufunguo ili wapate wenzo mrefu zaidi, na mimi niko juu nawamulika na tochi nawaambia ongezeni, ongezeni, mara nikasikia mlio mkavu, ka! Ufunguo ukaanza kuzunguka mwepesi kabisa. Shafti imekatika.

Maji yaliendelea kumwagika mpaka tukaenda kufunga vali nyingine mbili za mbali, na kwa kufanya hivyo tukakata eneo kubwa kama mara tatu ya lile tulilotakiwa kulikata, ndani yake kuna hospitali, ikabidi ipelekewe maji kwa gari usiku ule ule.

Kulipokucha nikampigia mzee mmoja aliyekuwa fundi mkuu wa mtandao wa mabomba, alikuwa amestaafu miezi minne nyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, mbona mapema hivi?"

Nikamweleza. Akakaa kimya kidogo halafu akauliza kitu kimoja tu, "Mmeizungusha kulia?"

"Ndiyo mzee."

"Namba 14 inafungwa kushoto. Inchi 12 ile, mizunguko 38. Zilikuja chache za namna hiyo zamani, zote zinafungwa kinyume. Kwani hamkuambiwa?"

Hatukuambiwa. Ramani ilionyesha kwamba pale kuna vali na basi, haikusema inafungwa upande gani wala ina mizunguko mingapi. Vali ilikuwa wazi kabisa, sisi tunazidi kuifungua kwa nguvu zote mpaka tumeivunja. Na ile taarifa ilikuwa kwenye kichwa cha mtu mmoja, siku alipopewa zawadi yake ya kuagwa akatoka nayo getini, na sisi tulikuwepo tunapiga makofi.

Kijana aliniandikia meseji mchana ule kwamba anaacha kazi, maana ameona hii kazi haimfai na ameharibu mali. Nilisoma ile meseji mara nyingi. Nikaanza kukumbuka ile miezi mitatu tulimpa nini huyu mtu, mhandisi kamili aliyemaliza chuo vizuri tu, nikaona tulimpa kujaza fomu, kuingiza namba kwenye kompyuta, kubeba boksi la sampuli kupeleka maabara na kurudi nalo. Hakuna aliyemshika mkono akatembea naye kwenye mabomba. Halafu usiku mmoja tukamkabidhi ufunguo.

Nilimpigia nikamwambia mdogo wangu, kosa si lako, ni letu, na kama unaondoka ondoka kwa sababu nyingine. Akabaki, nitarudi kwake baadaye.

Nimeamua kuandika kwa sababu kila mkutano wa watu wa maji siku hizi lazima kuwe na mada ya vijana, jinsi ya kuwavutia, jinsi ya kuwaleta, na mara nyingi anayezungumza anasema vijana wa sasa hawapendi kazi ya matope, wanataka ofisi yenye kiyoyozi na laptopu. Mi nakataa. Nimekaa na vijana wengi kwenye mtambo wa kusafishia maji, tatizo ninaloliona ni kwamba wengi hawajui kama kazi hii ipo, na wale wachache wanaokuja tunawawekea mbali ile kazi yenyewe mpaka wanachoka wanaondoka, halafu tunasema si unaona, hawapendi.

Niliwahi kualikwa kuongea na wanafunzi wa kemia wa chuo, wa mwaka wa mwisho. Nikawauliza wanajiona wapi wakimaliza. Wakataja viwanda vya dawa, mafuta, vipodozi, madini, wengine benki. Hakuna hata mmoja aliyetaja maji, na asubuhi ile wote walikuwa wamekunywa maji ambayo mkemia fulani amekesha nayo. Sikuwalaumu. Kazi yetu ikienda vizuri haionekani, bomba liko chini ya ardhi, mtambo uko nyuma ya ukuta wenye bango la hakuna ruhusa kuingia, na mtu anatusikia siku maji yamekatika au yametoka na rangi. Mtoto anakua anamjua daktari, mwalimu, rubani, ila opereta wa mtambo wa maji hajawahi kumuona hata kwenye picha.

Basi niwaeleze kitu kimoja tunachokifanya, nikieleze taratibu.

Mvua kubwa ikinyesha usiku mto unabadilika. Jana tope kwenye maji, sisi tunaita tabiditi, ilikuwa 15, leo saa kumi na moja alfajiri ni 400, maji yana rangi ya udongo mbichi. Ile dozi ya shabu, dawa inayokusanya tope, uliyokuwa unatia jana haina maana tena na huwezi kukisia, lazima ufanye jaa testi. Unapanga majagi sita ya kioo, kila moja lita moja ya maji ya mto, juu yake kuna mashine yenye vipanga sita vinavyokoroga kwa pamoja. Unatia shabu, la kwanza miligramu 20, la pili 30, hivyo hivyo mpaka 70. Unakoroga kwa kasi kama dakika moja, halafu unapunguza kasi, dakika 20 za kukoroga polepole, na hapo ndo pazuri, maana ndani ya yale maji ya udongo unaanza kuona vitu vidogo kama vumbi la pamba, vinashikana, vinakua, vinakuwa madonge. Unazima mashine. Unasubiri. Kwenye jagi moja madonge yanashuka chini kwa uzito na juu yanabaki maji meupe kabisa, unaweza kusoma maandishi upande wa pili wa kioo.

Mara ya kwanza namuonyesha binti mmoja aliyekuja mafunzo kwa vitendo hakuongea mpaka mwisho. Jagi la nne, miligramu 50, lilikuwa zuri kuliko yote. La 60 linafuata. La 70 limebaki na ukungu. Akaniuliza, "Dada, hili la mwisho si ndo lina dawa nyingi kuliko yote, mbona limeharibika?"

Niliacha kila kitu. Nikamwambia vuta kiti. Nikamweleza kwamba zile chembe za udongo zina chaji hasi ndo maana zinasukumana hazishikani, zinaelea tu, shabu inaleta chaji chanya inazituliza zinaanza kushikana, ila ukizidisha unazivisha chaji chanya zote na zinaanza tena kusukumana kama mwanzo. Juu ya hapo shabu inashusha pH, yani maji yanazidi kuwa na asidi, na maji yakikosa uwezo wa kuhimili hiyo asidi madonge hayatengenezwi vizuri, itabidi uongeze chokaa. Akaniambia hicho kitu cha chaji alikijibu kwenye mtihani akapata alama zote, ila hakuwahi kukiona. Tulikaa karibu dakika 40 pale. Siku ile niliandika dozi ya 50 kwenye kitabu cha zamu na chini yake nikamwambia asaini na yeye, akasita, akaniuliza kama inaruhusiwa. Nikamwambia umeiona kwa macho yako, saini. Sasa hivi ndo anasimamia zamu ya usiku.

Sikufanya kitu kikubwa pale. Nilimpa swali la kweli, la asubuhi ile, lenye watu wanaosubiri maji upande wa pili, na jina lake likawa kwenye kitabu. Nimeona kijana akipewa hivyo anabaki. Akipewa kubeba boksi anaondoka, hata ukimlipa vizuri kidogo.

Na ukiangalia, hii tasnia yenyewe ilijengwa na watu wa umri huo. Yale machujio ya mchanga ya kasi tuliyonayo leo, yanayotanguliwa na shabu, moja ya kazi kubwa zilizoonyesha kwamba yanaweza kusafisha mto wenye tope ilifanyika Louisville kule Marekani kwenye maji ya mto Ohio, kuanzia 1895, na aliyepewa kusimamia majaribio ni George Warren Fuller, amezaliwa Desemba 1868, hesabu mwenyewe, alikuwa na miaka 26. Ripoti yake ikatoka 1898 na wahandisi wakaisoma kwa miaka mingi. Halafu klorini, dawa ya kuua vijidudu. Jersey City, huko huko Marekani, walianza kutia klorini kwenye maji ya mji mfululizo mwaka 1908, na Fuller huyo huyo alihusika kuujenga mtambo, lakini kwa miaka kadhaa baadaye shida ikabaki kwamba dozi inakuwa ya kubahatisha, leo kidogo watu wanaugua, kesho nyingi maji hayanyweki. Mwaka 1919 Abel Wolman, mhandisi, na mwenzake Linn Enslow, mkemia, wakiwa idara ya afya ya jimbo la Maryland, wakatengeneza njia ya kujua maji fulani yanahitaji klorini kiasi gani kabla hujatia. Wolman amezaliwa 1892. Alikuwa hajafika 30. Akaendelea na mambo ya maji mpaka uzee, amefariki 1989 na miaka 96.

Ninachokipenda hapo ni kwamba kuna mtu juu yao aliyewaachia. Aliyemkabidhi kijana wa miaka 26 majaribio ya maji ya mji mzima hakusema huyu bado mdogo. Sisi leo tunaandika tangazo la nafasi ya kuanzia kazi tunadai miaka mitano, sasa huyo mtu wa kuanzia aliipata wapi?

Ila nisije nikaonekana nawatukuza vijana na kuwaponda wazee, sivyo kabisa. Vali namba 14 imenifundisha kwamba mzee anajua kitu ambacho hakipo kwenye karatasi yoyote. Na kuna upande wa pili pia, pale ambapo wa zamani wanajua kazi kwa mazoea na hakuna anayewauliza kwa nini. Mei 2000, mji mdogo unaitwa Walkerton, jimbo la Ontario, Kanada, watu kama 4,800 hivi. Mvua kubwa ikasomba kinyesi cha ng'ombe kikaingia kwenye kisima kimoja kifupi cha mji, bakteria wa E. coli aina ya O157:H7 wakafika mpaka kwenye mabomba ya majumbani. Watu 7 walikufa, zaidi ya 2,300 wakaugua. Tume ya uchunguzi chini ya jaji Dennis O'Connor ikakuta waendeshaji walijifunza kazini tu, vyeti walipewa kwa sababu ya miaka waliyokaa, hawakufanya mtihani, na kwenye daftari la klorini walikuwa wanaandika 0.5 au 0.75 karibu kila siku wakati hawajapima. Na wao wenyewe waliamini maji ya kisima ni salama hata bila dawa, walikuwa wanayanywa hivyo hivyo. Hawakukusudia kumuua mtu. Hawakuelewa ile namba ni ya nini.

Mimi kila nikifika kwenye habari hiyo nafikiria lile daftari. 0.5, 0.75, 0.5, 0.75. Kijana mmoja tu aliyefundishwa angefungua kurasa mbili angeuliza, jamani hii klorini mbona haipandi wala haishuki, maji yanabadilika kila siku, inawezekanaje? Swali la kitoto kabisa. Lakini ili aliulize lazima awepo, na akiuliza asiambiwe wewe umekuja juzi.

Kwa wasio wa fani niongeze, ile klorini inayobaki kwenye maji baada ya kuua vijidudu ndo mlinzi wa safari. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanataka baada ya dakika 30 za kukaa na dawa, pH ikiwa chini ya 8, ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita, na ikifika kwenye bomba la mwisho isipungue 0.2. Kipimo chenyewe kinachukua dakika moja, unatia kidonge au unga wa DPD, dawa ya kupimia, kwenye kichupa, maji yanageuka pinki, kadiri yanavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi. Yakibaki meupe, unapiga simu hapo hapo. Mtoto wa darasa la nne anaweza kulifanya na akalielewa, nimewahi kuwafanyisha, na walikuwa wanagombania kile kichupa. Ndo maana nasema tukisubiri mtu afike chuo ndo asikie habari zetu tumechelewa.

Baada ya Walkerton, Ontario wakatunga sheria mpya ya maji ya kunywa mwaka 2002, mafunzo na mitihani ya waendeshaji vikawa lazima, na 2004 wakafungua kituo cha mafunzo pale pale Walkerton. Yani kazi ya opereta ikawa fani yenye ngazi, unaanza daraja la kwanza unapanda. Hii naiona ni muhimu kuliko mabango yote ya kuvutia vijana. Kijana anataka kujua akiingia hapa miaka mitano ijayo atakuwa nani. Kama jibu ni atakuwa kwenye mkataba wa mwaka mmoja unaorudiwa rudiwa, ataondoka, na mi siwezi kumzuia kwa kumwambia maji ni uhai. Anajua maji ni uhai. Na yeye ana maisha yake.

Kuna mfano mwingine naupenda, Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Mwaka 1993 shirika la maji la pale lilikuwa hoi, baada ya vita na miaka ya shida, asilimia 72 ya maji yaliyokuwa yanazalishwa yanapotea, mengine yanavuja mengine yanaibiwa. Akapewa mhandisi Ek Sonn Chan. Yapo mengi aliyofanya, mita kwa kila mteja, kukusanya madeni mpaka kwa wakubwa, ila moja linalosemwa kidogo ni kwamba aliwashushia majukumu wafanyakazi vijana waliokuwa na hamu ya kazi, akawapandisha, akawafundisha, akawapa motisha wakifanya vizuri na akawabana wakiharibu. Kufika 2010 maji yanayopotea yalikuwa kama asilimia 6, na mwaka huo shirika likapewa tuzo ya Stockholm ya tasnia ya maji. Asilimia 6! Ipo miji tajiri sana duniani haijafika hapo.

Na kwenye hilo la maji yanayopotea ndo naona vijana wana nafasi kubwa sasa hivi. Zamani kutafuta mvujo ilikuwa fundi anatembea usiku na fimbo ya chuma ameweka sikio anasikiliza bomba, na bado inafanyika na wanaoijua ni wachache, tafadhali wawahini kabla hawajastaafu. Ila leo kuna mita za mtiririko zinatuma namba kila baada ya dakika 15. Saa nane usiku watu wamelala, matumizi lazima yawe chini kabisa, sasa kama mtaa fulani saa nane usiku bado unavuta maji mengi na usiku wa jana yake haukuwa hivyo, kuna kitu kimepasuka chini ambacho hakijatokea juu. Kijana mmoja wa kompyuta alikuja kwetu kutengeneza mambo ya bili tu, akaona hizo namba, akaandika kiprogramu kidogo kinachotuamsha mstari wa saa nane ukipanda. Wiki ya pili kikapiga kelele. Tukampeleka yule mwenye fimbo. Akasikiliza sehemu mbili tatu akasema chimba hapa. Tulikuta bomba limetoboka na maji yote yanaingia kwenye mfereji wa zamani wa maji ya mvua, yasingetokea juu hata kwa miaka. Nilivyowaona wale wawili wameinama kwenye lile shimo, mmoja ana laptopu mgongoni mwingine ana fimbo, nilifurahi kupita kiasi.

Kwa hiyo ukiwa mwanasheria, mhasibu, mtu wa ramani, mchomeleaji, mwanabiolojia, mwandishi unayejua kueleza mambo kwa lugha ya watu, una kazi kwenye maji. Watu wanafikiri ni wahandisi tu.

Yapo yanayoniudhi na nitayasema haraka. Mafunzo kwa vitendo yasiyo na hata nauli, maana yake wanakuja wale tu ambao wazazi wao wanaweza. Mtambo ambao hauna chumba cha wanawake kubadilisha nguo, mimi mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nabadilishia kwenye stoo ya dawa, na buti ndogo kuliko zote zilizokuwepo zilinizidi namba tatu, nikapanda nazo ngazi ya tanki, sasa fikiria. Na bosi anayemkatiza kijana kwenye kikao halafu baadaye anashangaa vijana hawachangii mawazo.

Vyama vya vijana wa maji navyo viko. Shirika la kimataifa la maji, IWA, lina mtandao wake wa wataalamu vijana, wa chini ya miaka 35, na Marekani chama chao cha AWWA kipo tangu 1881 na siku hizi kina kamati za vijana sehemu nyingi. Ni vizuri, nimenufaika navyo, huko unampata wa kumuuliza mambo unayoogopa kumuuliza bosi wako. Ombi langu tu ni vikutane kwenye mitambo pia, si hotelini peke yake. Mkae siku moja mkiosha chujio pamoja, mkiangalia hewa na maji vinavyopanda kutoka chini na mchanga unavyochemka na uchafu wa siku mbili unavyotoka, mtaongea mambo tofauti kabisa na yale ya kwenye slaidi.

WHO na UNICEF walihesabu kwamba mwaka 2022 watu bilioni 2.2 hawakuwa na maji ya kunywa yanayosimamiwa kwa usalama. Hiyo kazi nani ataifanya? Sisi tuliopo tunazeeka na hatutoshi hata tukiwa wazima.

Sasa nirudi kwa kijana wa vali.

Wiki mbili baada ya ule usiku alikuja ofisini akaniambia anataka kutembelea vali zote, moja moja, na anataka tumlete yule mzee. Nikaenda kuombea ruhusa juu, nikaambiwa mzee ameshastaafu hakuna utaratibu wa kumlipa. Nikarudi mara ya pili. Mara ya tatu nikachukua ile shafti iliyokatika nikaiweka mezani na ripoti ya gharama za usiku ule, wakakubali mkataba mfupi, siku mbili kwa wiki.

Wanatoka asubuhi, mzee anakaa mbele na dereva, kijana nyuma na kompyuta ndogo ya mkononi. Mzee anasema simama hapa, anashuka, anaangalia mti, anaangalia kona ya ukuta, anahesabu hatua, anasema iko hapa. Mara nyingine hakuna kitu kinachoonekana, lami imepita juu. Wanapasua, ipo. Kijana anaandika, namba, ukubwa, upande wa kufungia, mizunguko, hali yake, anapiga picha, inaingia kwenye ramani ambayo kila mwenye simu ya kazi anaiona. Zile zinazofungwa kinyume zinapakwa rangi nyekundu kwenye kofia ya vali. Mpaka sasa wamepata tisa. Tisa, na kila moja ingetuvunjikia usiku wake.

Siku moja nilitoka nao. Jua kali, mzee amekalia ukingo wa barabara anapumzisha magoti, kijana yuko kwenye chemba anazungusha anahesabu kwa sauti. Alipofika 31 vali ikagoma. Akasimama. Zamani angeongeza nguvu. Akamtazama mzee, mzee akamwambia rudisha mbili, halafu njoo tena taratibu, kuna kutu imejikusanya kwenye nyuzi, usigombane nayo. Akarudisha mbili. Akaja taratibu. 31, 32, 33.

Alhamisi wanaingia eneo la mwisho. Kuna wanafunzi watatu wa chuo wameomba kwenda nao, wawili wa uhandisi na mmoja wa kemia, na mzee ameshaniambia nisiwatafutie kiti kwenye gari, watapanda nyuma na kijana ili awaeleze njiani. Nimewatafutia buti, safari hii za saizi zao. Funguo za T ziko mbili tu, kwa hiyo watapokezana.